Tandiko la Pembe Nne Likigoma: Dalili na Vyanzo kwa Wanaounda Upya Vifaa vya Farasi wa Askari wa Kirumi

Tandiko la askari farasi wa Kirumi halina vikuku vya kutia miguu. Vikuku vilifika Ulaya karne kadhaa baadaye, pamoja na Waavari, wapanda farasi waliotoka nyika za Asia. Kabla ya hapo mpandaji alishikwa na pembe nne: mbili za mbele zinazoinamia mapaja, na mbili zinazosimama nyuma ya nyonga. Kosa ambalo kwenye tandiko la kisasa lingejificha miezi sita, hapa hujitokeza siku ya kwanza.

Ugumu ni kwamba dalili hutokea mahali pamoja na chanzo kikawa kwingine. Pembe ikiumiza paja, tazama kwanza chini ya tandiko. Mkanda wa kifua ukimkaba farasi, mshipi wa tumbo ndio mshukiwa. Na ile dawa inayokimbiliwa na kila mtu, kukaza mshipi tundu moja zaidi, haitibu lolote kati ya haya. Inaficha kosa huku mgongo ukiumia. Kwa hiyo anza mgongoni, uje kwenye kiunzi, mshipi, mikanda na kichwa. Mapambo ya shaba yasubiri zamu yake.

Maelezo haya ni ya vifaa vya karne ya 1 na ya 2: vifuniko vya ngozi vilivyochimbuliwa Vindolanda (Uingereza) na Valkenburg (Uholanzi), bamba za pembe za Newstead (Scotland), falera za Xanten (falera ni yale mabamba ya duara yanayokaa pale mikanda inapokutana), na picha zilizochongwa kwenye mawe ya makaburi ya Mainz, Bonn na Köln, Ujerumani. Kiunzi kinachozungumziwa ni cha mbao, kwa mfano aliouunda mtafiti Mwingereza Peter Connolly miaka ya 1980: mbao mbili zinazolala kando ya uti wa mgongo, zikiunganishwa na tao la mbele na tao la nyuma. Wapo wataalamu wanaoshikilia kuwa tandiko hilo lilikuwa mto uliojazwa tu, bila mbao. Ukitengeneza la aina hiyo, sehemu ya kiunzi iruke, lakini vipimo vya mgongo visome mara mbili, maana mto usio na mbao hushuka na kulalia uti wa mgongo mapema zaidi.

Mabaka makavu mgongoni, au farasi anaruka akiguswa

Vua tandiko baada ya dakika 30 za mwendo, jasho likiwa bado bichi. Mgongo usio na shida huwa na maeneo mawili yaliyolowa sawasawa, kulia na kushoto, na mfereji mkavu katikati juu ya uti. Baka kavu ndani ya eneo lililolowa lina maana mbili zinazopingana: ama tandiko limebana hapo mpaka jasho halitoki, ama haligusi kabisa. Wengi huongeza sufu bila kujua ni lipi. Kama lilikuwa linabana, sasa linabana maradufu.

Kulitofautisha ni kazi ya dakika kumi. Paka unga wa chaki upande wa chini wa tandiko, tandaza kitambaa cheusi chembamba mgongoni, weka tandiko, mpandaji akae na farasi atembee dakika tano. Kisha nyanyua tandiko juu moja kwa moja, bila kuliburuta. Chaki iliyoshindiliwa ni mahali panapobana. Kitambaa kilichobaki cheusi ni mahali pasipoguswa.

Chaki ikishindiliwa pande mbili za mbele tu, kando ya pale palipoinuka baina ya mabega, tao la mbele ni jembamba kuliko farasi. Usijaze kitu hapo. Chukua waya laini, uulaze juu ya mgongo kiganja kimoja nyuma ya mfupa wa bega, uchore umbo lake kwenye kadibodi, ulinganishe na tao. Tofauti ya milimita tano kila upande yaweza kuchongwa upande wa chini wa mbao. Ikizidi hapo, tengeneza tao jipya.

Ikishindiliwa mbele na nyuma, katikati pakawa peusi, mbao zimenyooka mno kwa mgongo wenye bonde, na tandiko limekaa kama daraja. Hapa ndipo kujaza kunapofaa: ukanda wa sufu iliyoshindiliwa, unene wa milimita 10 katikati, ukipungua hadi kuisha kabisa kwenye ncha. Ukiacha ncha nene umetengeneza kidonda kingine.

Ikishindiliwa nyuma peke yake, mbao ni ndefu. Zisipite ubavu wa mwisho. Farasi wa Kirumi walikuwa wadogo, wengi kati ya sentimita 135 na 150 mabegani, na kwa farasi wa kimo hicho mbao za sentimita 45 hadi 50 zinatosha. Mfereji wa katikati uwe na upana wa sentimita 6 au zaidi, na mpandaji akiwa amekaa, vidole viwili vilivyosimama vipite chini ya tao la mbele. Rudia kipimo hiki baada ya wiki sita. Sufu mpya hushuka, na tandiko lililopita mtihani mwezi wa kwanza huanza kugusa uti mwezi wa tatu.

Vipimo vyote vikiwa sawa na farasi bado akaumwa mgongo, piga hesabu ya mzigo. Kanuni inayotumiwa sana ni kwamba mzigo wote usizidi asilimia 20 ya uzito wa farasi. Mtu wa kilo 70, deraya ya pete kilo 10, tandiko na mikanda kilo 10, kofia ya chuma, ngao na upanga kilo 8: jumla 98. Farasi anayestahili mzigo huo ana kilo 490. Yule farasi mdogo wa kilo 380 anayependeza kwenye picha kwa kuwa ana kimo sahihi cha Kirumi apewe mpandaji mwepesi, au deraya ivaliwe dakika ishirini za maonyesho tu.

Tandiko linateleza

Likienda mbele, chanzo kikubwa ni mshipi. Kila farasi ana bonde lake nyuma ya kiwiko ambako mshipi hutaka kukaa, nao ukielekea huko hulivuta tandiko. Weka tandiko mahali pake kwanza, nyuma ya mfupa wa bega, uache mshipi uning'inie wenyewe. Usiponing'inia wima juu ya bonde hilo, sehemu ulipofungwa kwenye mbao si yake. Kuufunga ukingoni mwa mbele wa mbao ni kosa maarufu: mbele hukandamizwa, nyuma huinuka, na mpandaji huhisi anamwagwa shingoni. Tumia mikanda miwili kila upande, mmoja kutoka tao la mbele na mwingine kutoka tao la nyuma, ikutane kwenye pete chini, kama herufi V. Pete hiyo hufunikwa na kitambaa cha tandiko, kwa hiyo hata mtazamaji mkali haoni kitu.

Likirudi nyuma, hasa kwenye mwinuko, angalia kama tao la mbele ni jembamba. Tandiko jembamba halikai, linapanda juu na kuteleza kama kofia ndogo kichwani. Tao likiwa sawa, basi mkanda wa kifua ni mrefu.

Likipinda upande, uliza kwanza farasi anapandwa vipi. Anayeshika pembe ya mbele na kujivuta juu anaitumia kama mpini wa kulizungusha tandiko. Vegetius, mwandishi wa Kirumi wa mambo ya vita, anaeleza kwamba askari wapya walifundishwa kurukia farasi wa mbao, kulia na kushoto, kwanza bila silaha kisha wakiwa nazo; hawakujivuta. Asiyeweza kuruka apewe kibao cha kupandia, na mtu wa pili akandamize pembe ya upande wa pili. Likipinda hata bila kupandwa, pima ujazo wa kushoto na kulia kwa mkono. Fundi mmoja akishona pande zote mbili, upande wa pili huwa mgumu kidogo kuliko wa kwanza, kwa kuwa mkono umeshazoea.

Mshipi mpya wa ngozi hurefuka tundu moja au mawili siku za mwanzo. Kaza kwa hatua tatu: baada ya kutandika, baada ya kumtembeza mita mia, na kabla tu ya kupanda. Vidole viwili bapa vipite chini yake. Visipopita, acha. Kama bado linateleza, tatizo si mshipi.

Pembe: zinaumiza, hazishiki, au zimesogeleana

Pembe za mbele hazikusudiwi kubana paja muda wote. Mpandaji akikaa kwa utulivu, upana wa kidole ubaki kati ya paja na pembe. Zinashika pale tu anapoinama, anapotupa mkuki au farasi anaposimama ghafla. Michubuko juu kidogo ya goti ina maana pembe zimeinamia nje mno au kikao ni kifupi. Michubuko karibu na kinena ina maana tandiko limeinama mbele. Rudi kwenye mshipi na chaki, usiguse pembe.

Pembe za nyuma zikimpiga mpandaji kiunoni kila hatua, anakaa nyuma mno kwa kuwa anasukuma miguu mbele kutafuta vikuku visivyokuwepo. Hilo halitibiwi na seremala.

Zikisogeleana baada ya mvua, mkosaji ni kifuniko. Ngozi iliyovutwa ikiwa imelowa hunywea inapokauka, nayo ina nguvu ya kupinda pembe za mbao nyembamba. Lowesha kifuniko kwa sifongo, weka vipande vya mbao baina ya pembe kwa upana wa awali, uache kikauke kivulini siku tatu au nne. Karibu na jiko ni marufuku.

Kifuniko kikitoboka kwenye ncha ya pembe, gusa ukingo wa bamba la shaba lililo ndani. Bamba la unene wa milimita moja lisilokunjwa ukingo ni kisu. Lisugue kwa msasa, funika ukingo wote kwa ukanda wa ngozi laini, kisha weka safu ya sufu kabla ya kifuniko. Misumari ya kushikilia bamba iwe mifupi, na vichwa vyake vigongwe hadi vilingane na bamba.

Kiunzi kinalia

Mlio wa kukwaruza mpandaji anapokaa ni kiungo kilicholegea. Kama hufahamu kipi, shika pembe ya mbele na ya nyuma zinazokabiliana kwa mshazari, uzisokote. Unyayo wa tao, pale linapoingia kwenye ubao, ndipo panapoachia kwanza. Gundi ya ngozi peke yake haitoshi hapo, kwa sababu jasho huilainisha. Vika kiunzi chote ngozi mbichi iliyolowa, uishone, uiache ikauke na kujibana. Inashika kuliko skurubu.

Ufa unaokata shingo ya tao kwa mshazari ni habari nyingine. Tao lilikatwa kwenye ubao mpana ulionyooka, na nyuzi za mti zikakatizwa mahali penye mkunjo. Gundi haitaliponya. Tafuta tawi lenye mkunjo wa asili, au pinda vibanzi vinne vya milimita 5 na kuvigandisha pamoja.

Mkanda wa kifua na mkanda wa makalio

Farasi akikohoa au akinyoosha shingo, mkanda wa kifua umepanda kooni. Akifupisha hatua, umekaa juu ya ncha ya bega na kila mguu unapokwenda mbele unagonga. Mahali pake ni kiasi cha kiganja juu ya ncha hiyo, na farasi akiinamisha kichwa mpaka chini ngumi yako bado ipite. Falera ya bega isikae juu ya mfupa unaosogea. Ivute nyuma kuelekea tandiko kwa kufupisha kipande cha nyuma na kurefusha cha mbele. Upana wa sentimita 3 kwa ngozi ya milimita 3.5 unafaa.

Mkanda wa makalio ndio unaoleta mateke. Kwenye mawe ya makaburi kama lile la askari farasi Flavius Bassus, Köln, mkanda unazunguka makalio. Haupiti chini ya mkia. Ukipanda na kuingia chini ya mkia, haujashikiliwa kutoka juu: ongeza mkanda mwembamba unaokatiza juu ya kiuno cha farasi na kushuka kila upande hadi kwenye falera. Urefu upimwe farasi akiwa amepeleka mguu mmoja wa nyuma mbele. Ukipima amesimama wima, utabana mara tu atakapokimbia. Farasi ambaye hajawahi kuguswa na kitu nyuma azoeshwe kwa kamba laini siku kadhaa kabla ya kuvishwa shaba inayolia. Aliyewahi kufunga sogi kwenye punda asiyezoea hahitaji kuelezwa kwa nini.

Kichwa na lijamu

Anafungua kinywa hatamu zinapovutwa tu: kama lijamu ni ya aina ya Newstead, yenye tao la chuma mdomoni, tao hilo linagonga kaakaa. Irudishe kabatini, utumie lijamu ya vipande viwili vilivyoungwa katikati. Ni ya Kirumi vilevile, na haimuumizi farasi sana ukikosea. Anatupa kichwa muda wote, hata hatamu zikiwa huru: tazama meno kwanza, kisha upana. Lijamu itokeze milimita tano kila upande wa midomo. Pengo likiwa dogo, pete hubana kona za mdomo. Likiwa kubwa, kiungo hushuka ulimini. Damu ikionekana, kazi imeisha siku hiyo. Mwite daktari wa mifugo. Chuma kisipakwe zinki. Kutu kidogo kwenye chuma cheusi hakina madhara.

Anasugua kichwa ukutani kila akivuliwa: falera ya panja inamkandamiza. Mikanda minne inayokutana nyuma ya bamba moja hufanya rundo la ngozi. Punguza unene wa kila ncha hadi milimita 2, na ukifinye kidogo kitanzi cha nyuma ili bamba lilale bapa.

Shaba: nyufa, kutu ya kijani, vining'inio vinavyodondoka

Bamba likipasuka ukingoni wakati wa kuligonga, limekuwa gumu kwa nyundo. Lipashe moto mpaka liwe jekundu hafifu linaloonekana gizani tu, litumbukize majini, lisafishe kwa siki na chumvi, uendelee. Rudia kila linapoanza kulia kama kengele chini ya nyundo.

Nyufa zinazotokea stoo, bila mtu kugusa kitu, zina sababu yake. Waingereza walikutana nazo India: maganda ya risasi ya shaba ya njano yaliyohifadhiwa kwenye mazizi ya farasi wakati wa mvua yalikuwa yakipasuka yenyewe. Mwaka 1921 watafiti Moore, Beckinsale na Mallinson walieleza kwamba amonia itokanayo na mkojo wa farasi hushambulia shaba iliyochanganywa na zinki ikiwa bado ina mkazo wa kufinyangwa. Vifaa vya kijeshi vya Kirumi vilitumia sana mchanganyiko huohuo. Kwa hiyo bamba lililokwisha gongwa lipashwe moto wa nyuzi 250 hadi 300 kwa saa moja, nalo lisitundikwe zizini. Upashaji huo ufanyike kabla ya kupaka bati. Bati huyeyuka kwenye nyuzi 232, na kazi yako yote ya kung'arisha itakuwa matone kwenye sakafu ya tanuri.

Nta ya kijani kati ya shaba na ngozi hutokana na mafuta ya ngozi kula shaba. Ikwangue kwa kijiti cha mti, futa, kisha paka nta ya nyuki nyuma ya bamba. Hapo karibu punguza shahamu. Mwenye kupaka mafuta kila wiki ndiye mwenye kijani kingi.

Kining'inio kikidondoka, pini ya bawaba imelika. Pini ya chuma ndani ya shaba yenye jasho haimalizi hata msimu. Tumia waya wa bronzi, uufinye ncha zote mbili.

Mishono na ngozi

Mkanda ukikatika kwenye mstari wa mshono, umeutoboa mno. Mishono mitatu kwa sentimita inatosha. Ukizidisha, unapata karatasi ya stempu. Toboa kwa maharazi bapa, si kwa drili, milimita 4 kutoka ukingoni. Tumia uzi wa kitani uliopakwa nta ya nyuki, sindano mbili, na urefu wa uzi mara nne ya mshono. Ukikatika pale mkanda unapojikunja kwenye pete, ngozi ilipunguzwa hadi ikabaki karatasi. Mkunjo wa mkanda unaobeba nguvu uwe na milimita 2.5.

Mikanda inayovutika kama mpira na ukingo usiokubali kung'arishwa ni ngozi ya kromu. Ikate utazame ndani: ina rangi ya kijivu au samawati. Utaalamu huo ni wa karne ya 19, na ngozi yake hairekebishiki. Nunua iliyotiwa maji ya magome.

Kitani huoza kwa jasho kabla ngozi haijaonyesha dalili yoyote. Kila mwanzo wa msimu ingiza ncha ya maharazi chini ya mshono mmoja wa mshipi wa tumbo na mmoja wa mkanda wa kifua, uuvute juu. Ukikatika kwa mkono, fumua mshono wote na kuushona upya, hata kama ile iliyo jirani inaonekana mizima.